Chupa ya kwanza ya CBD: ninavyowaelekeza jamaa zangu hapa Uingereza

Nafanya kazi kwenye duka la dawa mjini Leicester, nyuma ya kaunta, pale dawa zinapohesabiwa na kubandikwa lebo. Mimi ni mtu wa Tanga, na Waswahili wa mji huu wanalijua hilo, kwa hiyo maswali wanayoona haya kumwuliza mfamasia huletwa kwangu, mara nyingi kwa WhatsApp, mara nyingi usiku. Miaka hii swali moja linajirudia: "Dada, haya mafuta ya CBD, ninunue yapi?" Anayeuliza huwa ameumia mgongo kwa kuinua wazee kazini, au amepoteza usingizi kwa shifti za usiku, au ana wasiwasi unaomkaa kifuani bila sababu anayoweza kuitaja.

Mimi humjibu kwa swali: unatumia dawa gani? Nitajie zote, pamoja na za kienyeji. Mpaka hapo patakapoeleweka, hatuzungumzii chupa.

Anza na dawa ulizo nazo kabatini

CBD, kwa kirefu kanabidioli, ni kemikali inayopatikana kwenye mmea wa bangi, lakini hailevyi. Inayolevya ni THC, iliyomo kwenye mmea huohuo. Bidhaa za dukani hutokana na hempu, aina ya bangi inayolimwa kwa ajili ya nyuzi na mbegu, ambayo THC yake ni kidogo sana. Sasa, kwa kuwa hailevyi, watu wengi hudhani haina nguvu yoyote mwilini. Ini haliwezi kukubaliana nao. CBD hupitia kwenye vimeng'enya vilevile vya ini vinavyovunja dawa nyingi za hospitali, na ikivishughulisha, dawa zile huchelewa kuvunjwa na hujikusanya kwenye damu. Umemeza kidonge chako kilekile cha kila siku, lakini mwilini kinafanya kazi ya kidonge kimoja na zaidi.

Zinazonitia hofu kuliko zote ni warfarin ya kuzuia damu kuganda, clobazam ya kifafa, na tacrolimus kwa waliopandikizwa figo, pamoja na valproate ya kifafa, ambayo ikikutana na CBD huweza kuumiza ini. Baadhi ya dawa za huzuni na wasiwasi, kama citalopram, nazo huongezeka kwenye damu. Kuna dalili moja rahisi: kama karatasi iliyo ndani ya boksi la dawa yako inakukataza balungi, chukulia kwamba CBD nayo ina neno na dawa hiyo. Dalili hiyo hainasi dawa zote, ndiyo maana bado nasisitiza umwulize mfamasia. Hapa Uingereza ushauri wake ni bure na huhitaji miadi.

Kuna mama mmoja wa makamo ambaye sote tunamwita Mama Mkubwa. Alikuja dukani kuchukua dawa zake, akanivuta pembeni.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimepata mafuta ya magoti, nataka uniangalizie."

Akatoa chupa ndogo ya asilimia 20, aliyouziwa kwenye meza moja ya sokoni. Nikamwuliza anatumia kiasi gani. Akanionyesha dropa: aliambiwa aijaze, aiweke yote chini ya ulimi kila asubuhi. Dropa iliyojaa ni kama mililita moja, na kwa chupa ile mililita moja ni miligramu 200. Kwenye mkoba huohuo kilikuwemo kile kitabu cha njano wanachopewa wagonjwa wa warfarin. Nilimwita mfamasia, akapiga simu kliniki siku ileile, na Mama Mkubwa akaitwa kupimwa damu kabla ya tarehe yake. Damu ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Walirekebisha, mafuta yakawekwa kando, na alhamdulillahi hakuwa ameanza kutokwa damu. Aliyemuuzia hakumwuliza hata neno moja kuhusu dawa anazotumia, na hilo ndilo linaloniuma kila ninapokumbuka.

Jambo lingine linaloambatana na hili: usiache dawa ya hospitali ili uipishe CBD. Presha, kisukari na kifafa havingojei mtu amalize majaribio yake.

Nani asijaribu kabisa, na kikomo ni kipi

FSA, wakala wa serikali unaosimamia usalama wa chakula hapa, unaiweka CBD ya dukani kwenye fungu la vyakula vipya, wala si dawa. Ushauri wao ni kwamba wajawazito, wanaonyonyesha, wanaotafuta mimba na walio chini ya miaka 18 wasitumie, na mwenye dawa za hospitali asitumie bila kuongea na daktari. Mimi huongeza wenye matatizo ya ini, na kwa hao silegezi.

Kwa mtu mzima mwenye afya, kikomo walichotangaza Oktoba 2023 ni miligramu 10 kwa siku. Kabla ya hapo, tangu Februari 2020, kilikuwa miligramu 70. Walikishusha baada ya kuona ushahidi kwamba matumizi ya muda mrefu ya zaidi ya miligramu 10 kwa siku yanaweza kuathiri ini na tezi ya thiroidi. Utakutana na chupa na peremende ambazo maelekezo yake yanapita miligramu 10 kwa mbali sana. Mwenye duka atakwambia kikomo ni ushauri tu, si sheria, na ni kweli. Lakini ini ni lako.

Tegemea nini

Hapa nasema waziwazi, kwa sababu watu wanaoniuliza hufanya kazi kwa saa na kila pauni wanaijua ilikotoka.

Ipo CBD ambayo ni dawa kamili. Inaitwa Epidyolex, hutolewa hospitalini kwa watoto na watu wazima wenye aina kali za kifafa, na Desemba 2019 iliidhinishwa itolewe na NHS, huduma ya afya ya serikali, kwa magonjwa ya Dravet na Lennox-Gastaut. Angalia dozi yake: huanza na miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku. Mtoto wa kilo 20 anaanza na miligramu 100 kwa siku, na huongezewa, huku damu yake ikipimwa kuangalia ini. Kwa upande wa wasiwasi, utafiti unaotajwa sana ulifanyika Brazil mwaka 2011, ambapo watu wenye hofu ya kusimama mbele za watu walipewa miligramu 600 kwa mara moja kabla ya kuhutubia, na hofu yao ikapungua. Mia sita! Wewe ukifuata kikomo cha FSA utatumia kumi. Kwa hiyo anayekuonyesha tafiti hizo ili akuuzie chupa ya matone anakuonyesha kitu kingine kabisa.

Kuhusu maumivu, mwaka 2024 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Bath walikusanya majaribio 16 yaliyolinganisha CBD na dawa bandia isiyo na kitu. Katika 15 hakukuwa na tofauti. Ndiyo maana mtu akija na magoti au mgongo, namwambia pesa hiyo aiweke, na namwonyesha namna ya kuomba fiziotherapia ya NHS. Nafahamu foleni yake ni ndefu, hata hivyo naona ni afadhali hiyo foleni.

Kwa usingizi na wasiwasi mdogo wa kila siku simkatazi mtu mzima asiye na dawa yoyote. Ajaribu akitaka, kwa kiasi kidogo, akijua kwamba huenda asione chochote.

Hesabu ya matone

Hii ndiyo sehemu ninayoomba uisome ukiwa na chupa mkononi, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea.

Tafuta namba mbili: jumla ya miligramu za CBD kwenye chupa nzima, na ukubwa wa chupa kwa mililita. Mililita moja hutoa matone kama 20. Chupa ya mililita 10 ina matone kama 200. Ikiwa imeandikwa miligramu 500, gawa 500 kwa 200: kila tone lina miligramu 2.5, na matone manne yanakufikisha kwenye 10. Hiyo ndiyo chupa inayoitwa asilimia 5. Chupa ya ukubwa huohuo yenye miligramu 1,000 ni asilimia 10, na matone mawili yanatosha. Yenye miligramu 2,000 ni asilimia 20, na tone moja tu limefika kikomo. Umeona sasa Mama Mkubwa alikuwa anakunywa nini.

Kwa anayeanza, mimi nachagua asilimia 5 au chini yake. Chupa kali zinaonekana rahisi ukihesabu bei kwa kila miligramu, lakini tone moja la ziada linakuwa kosa kubwa, na huwezi kuanza na nusu tone.

Soma pia maneno yanayozunguka zile namba. "Miligramu 1,000 za dondoo la hempu" si miligramu 1,000 za CBD. Dondoo lina mengi ndani yake. Na mafuta ya mbegu za hempu, yale yanayouzwa rafu moja na mafuta ya zeituni, ni chakula kizuri lakini hayana CBD ya maana. Nimeona yakiuzwa kwenye chupa nyeusi yenye dropa na picha ya jani, kwa bei ambayo ungepata mafuta hayohayo lita nzima.

Omba cheti, na ukisome

Mwaka 2017 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha matokeo ya bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni. Ni asilimia 31 tu ambazo kiasi cha CBD kililingana na lebo. Nyingine zilizidi, nyingine zilipungua, na katika 18 ilikutwa THC. Lebo peke yake haitoshi.

Kampuni inayojiheshimu hutoa cheti cha uchambuzi kutoka maabara ambayo si yake. Mara nyingi kuna alama ya QR kwenye boksi; ukiipiga picha na simu, cheti kinafunguka. Kwanza linganisha namba ya bechi, yaani fungu la chupa zilizotengenezwa pamoja, ya kwenye cheti na iliyochapwa kwenye chupa yako. Cheti cha bechi nyingine hakikusaidii, hata kiwe kizuri vipi. Angalia tarehe, na jina la maabara. Kisha nenda kwenye mstari wa CBD uone kama unakaribiana na lebo, halafu mstari wa THC. Herufi ND maana yake haikuonekana kwenye kipimo chao. Sheria ya hapa inataka chupa nzima isizidi miligramu moja ya THC na jamaa zake wanaodhibitiwa. Mwisho tazama kama walipima metali nzito, kama risasi na zebaki, na viuatilifu, maana hempu hufyonza yaliyomo ardhini ilipolimwa.

Kama hakuna cheti, rudisha chupa rafuni. Kama muuzaji anasema atakutumia "baadaye", jibu ni lilelile.

FSA pia ina orodha ya wazi mtandaoni ya bidhaa za CBD ambazo maombi yao yamepokelewa. Tafuta jina la bidhaa yako humo. Kuwamo hakumaanishi imethibitishwa kuwa salama, ila kunamaanisha kuna kampuni iliyojitokeza na makaratasi yake yanachunguzwa. Na mtu yeyote anayekwambia bidhaa yake inatibu kansa, kisukari au presha anavunja sheria kwa maneno hayo, awe ni wa dukani, wa kanisani, wa msikitini au binamu yako aliyejiunga na biashara ya mtandao. Usimnunulie.

Mafuta, peremende, krimu

Mafuta ya matone ndiyo ninayopendelea kwa anayeanza, kwa sababu unaweza kupanda tone kwa tone. Ladha yake ni ya majani mabichi, chungu kidogo, na hubaki mdomoni. Kapsuli hazina ladha lakini huwezi kuzigawa. Peremende laini zina shida mbili: nyingi zina miligramu 25 kila moja, na watoto huziona ni pipi. Kwa Waislamu kuna la tatu, jelatini, ambayo mara nyingi ni ya nguruwe. Tafuta zilizoandikwa pektini, ambayo hutokana na matunda. Baadhi ya matone nayo yameyeyushwa kwenye pombe badala ya mafuta, kwa hiyo soma viambato mpaka mwisho.

Krimu hazifiki kwenye damu kwa kiasi cha maana. Za kuvuta kama sigara za umeme sizishauri kwa yeyote. Na yale maua makavu ya hempu, hata yakiuzwa dirishani pa duka, kisheria hapa ni bangi.

Ukiendesha gari, ukipimwa kazini, ukisafiri

Kwenye boksi utaona bidhaa zimegawanywa: zenye mchanganyiko wote wa mmea pamoja na chembe za THC, zenye mchanganyiko uliotolewa THC, na CBD tupu. Mtu anayeendesha basi, lori au treni, au ambaye mwajiri wake hupima mate au mkojo, namwambia achague CBD tupu yenye cheti, au aache kabisa. England na Wales kikomo cha THC kwenye damu ya dereva ni mikrogramu 2 kwa lita, kiasi kidogo mno, na "nilidhani ni CBD" haimsaidii mtu mbele ya polisi. Wanariadha wetu wa Iten na Eldoret nao wajue: CBD yenyewe iliondolewa kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa michezoni mwaka 2018, lakini THC bado imo wakati wa mashindano, na chupa iliyochafuka inaweza kumaliza kazi ya miaka.

Safari ya nyumbani: usiibebe. Kenya na Tanzania, bangi na mazao yake ni haramu, na afisa wa uwanja wa ndege hatakaa kusoma cheti chako. Wengi wetu hubadili ndege Dubai, na huko mafuta ya CBD ni haramu hata kama ni ya matumizi yako mwenyewe. Kagua mikoba yako yote, hata ule mdogo wa vipodozi, kabla ya kwenda uwanjani. Watu hukumbuka chupa ya mafuta na kusahau krimu.

Namna ya kujaribu

Chagua shida moja. Usingizi, kwa mfano. Wiki ya kwanza usitumie kitu: andika tu kila asubuhi ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi, na usingizi unaupa ngapi kwa kumi. Bila wiki hiyo hutakuwa na cha kulinganisha nacho.

Kisha anza na tone moja la chupa ya asilimia 5 jioni, chini ya ulimi, likae kama dakika moja kabla ya kumeza. Usiku wa kwanza uwe ambao kesho yake huendeshi gari wala huna shifti. Baada ya siku tatu nne ongeza tone, na uendelee hivyo mpaka manne. Usizidishe hapo.

Chakula kina maana kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Kwa Epidyolex ilionekana kwamba mlo wenye mafuta mengi huongeza CBD inayoingia kwenye damu mara nne. Ukitumia leo juu ya chai kavu na kesho baada ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, hizo ni dozi mbili tofauti hata kama matone ni yaleyale. Chagua wakati mmoja na aina moja ya mlo, ushikilie huo.

Usibadilishe kitu kingine katika wiki hizo. Mimi mwenyewe nilijaribu kwa ajili ya usingizi kipindi nilipokuwa nasoma huku nafanya kazi. Nilianza matone na wiki ileile nikaacha chai ya jioni, kwa sababu ilikuwa Ramadhani imeisha na ratiba ya nyumba ilibadilika. Usingizi ukawa afadhali. Matone yalipokwisha sikuyanunua tena, chai ya jioni sikuirudia, na daftari likaendelea kuonyesha usingizi uleule. Siku hizi namshauri mtu aanze na chai.

Dalili za kuangalia ni usingizi wa mchana, kuharisha, na kukosa hamu ya kula. Zikija, punguza au acha. Macho au mkojo ukibadilika rangi, au ukiwashwa mwili bila sababu, acha siku hiyohiyo umwone daktari na umtajie CBD kwa jina. Madaktari wengi hawaulizi, na sisi wengi hatusemi kwa aibu ya lile neno bangi.

Baada ya wiki nne fungua daftari. Kama wastani wako haujasogea, usinunue kali zaidi. Jibu umeshalipata kwa bei ya chupa moja. Kama umesogea, acha wiki mbili uone kama unarudi ulikokuwa. Ukirudi, na ukaamua kununua chupa ya pili, piga tena picha ile alama ya QR na usome cheti upya, kwa sababu bechi itakuwa nyingine hata kama boksi ni lilelile.